Gari Lililokula Nyumba ya Laban Kisia

Marehemu Laban Kisia Lugalia alizaliwa tarehe 11 Machi 1979 katika kijiji kilicho juu ya Mudete, sehemu ambayo leo ni kaunti ya Vihiga. Alikuwa mtoto wa tatu na mvulana wa pekee wa hayati mzee Ezra Lugalia na mama Berita Kadenyi. Mimi Milka ninayesoma ndiye niliyemtangulia kuzaliwa, na mgongo wangu ndio uliombeba, kwa hiyo mtanivumilia nikimsema kama ninavyomjua. Nyumbani, siku ya mazishi, Jumamosi ya tarehe 24, utasomwa wasifu mwingine mfupi ulioandikwa na baba yetu mdogo. Katika ule hakuna gari. Alinipigia simu akaniambia, "Milka, mambo ya gari wacha huko huko Doha. Hapa tunazika mtu, hatuziki aibu." Nikamjibu, "Sawa, baba." Lakini huu ni wasifu wa Doha, na ninyi mlioketi hapa mmelisukuma gari hilo kwa mikono yenu. Nikilificha, nitakuwa namficha nani? Wahenga walisema mficha uchi hazai. Basi nitasoma yote, na aibu ninayo, msidhani sina.

Alisoma shule ya msingi kijijini na kufanya mtihani wa darasa la nane mwaka 1993. Darasani alikuwa wa katikati, lakini mikono yake haikujua kutulia. Akiwa darasa la sita aliifungua baiskeli ya baba yote, mpaka gololi, akaitandaza uani juu ya gunia. Jioni ilikuwa imesimama tena, inang'aa kwa mafuta ya kupikia, na mkononi mwake ilibaki nati moja. Baba alipouliza, Laban alimwambia kwamba hiyo ni ya ziada, kiwandani huwa wanaweka moja zaidi. Jumapili baba akapanda na suti yake ya kanisani, na kwenye mteremko wa kiwanda cha chai gurudumu la mbele likaamua kwenda zake. Mzee Ezra aliokotwa katikati ya majani chai ya watu, kofia iko kwingine, mbele ya waumini wote. Hakumchapa. Alimwambia tu, "Mwanangu, kitu kikibaki mkononi, ujue kuna mahali kinakosekana." Tulicheka kisa hicho miaka mingi, na Laban alicheka kuliko sisi.

Baada ya sekondari alijiunga na chuo cha ufundi mjini Kisumu, akahitimu stashahada ya majokofu na viyoyozi mwaka 2000. Alifanya kazi Nairobi kwenye maghala ya maua na ya nyama, kisha tarehe 6 Oktoba 2008 akafika hapa Doha akiwa fundi wa kawaida wa viyoyozi. Alianzia kwenye chumba cha watu sita kule Najma. Kazi yake ilimpandisha mpaka akawa msimamizi wa mitambo ya baridi katika jengo moja refu la West Bay, na waliofanya kazi chini yake wanasema hakuwahi kumfokea mtu, wala kuacha ghorofa ikae na joto wikendi. Mshahara ulikuwa mzuri. Nalisema hilo makusudi, ili asije mtu akasema baadaye kwamba ndugu yetu alikosa.

Tarehe 18 Desemba 2010 alimwoa Daisy, mwalimu wa shule ya msingi, katika kanisa letu la nyumbani. Mungu aliwajalia watoto wawili, Bradley na Berita mdogo. Desemba 2012, akiwa likizoni, alichimba msingi wa nyumba yake: vyumba vinne vya kulala, sebule, na baraza ya kuketi mama jioni. Mama mwenyewe aliweka jiwe la kwanza. Kwa wale ambao si wa kwetu, acha nieleze. Kwetu mwanamume mwenye mke na watoto hatolewi kwenda kaburini kutoka nyumba ya mama yake. Lazima atoke kwenye mlango wake mwenyewe. Asipokuwa na mlango, watu huinama wasitazamane usoni, na kesho yake wanasema. Daisy alipewa chumba kwa mama, akaambiwa ni kwa muda mfupi tu, mpaka kuta zipande.

Kuta hazikupanda, na sababu yake ni hii. Aprili 2014 Laban alitumwa kutengeneza kiyoyozi kwenye shamba la mzee mmoja Mqatari, kaskazini mwa mji, ambaye Laban alimwita Abu Jassim. Nyuma ya banda la mbuzi, chini ya turubai, kulikuwa na gari la Kimarekani la mwaka 1971, la milango miwili, silinda nane, refu kama vitanda viwili vya wodini ninakouguza. Mzee alilinunua ujanani na alikuwa hajaliwasha tangu wanawe wazaliwe. Alimwambia, "Sayyara hadi taaban, ya Laban," yaani gari hili limechoka. Laban akamjibu kwamba hata yeye amechoka, watapumzika pamoja. Akauziwa kwa bei ya friji. Aliponiambia nilicheka, nikamuuliza fundi wa baridi anataka kununua jiko la nini, maana lilikuwa halina kiyoyozi hata cha dawa. Yeye alikwisha kupenda. Rahisi ni ghali, na sisi tulikuja kuujua ughali huo chumba kwa chumba.

Nasema chumba kwa chumba kwa sababu ndivyo nilivyozoea kupima. Injini ilikuwa imeganda. Ilifunguliwa kwenye gereji ya rafiki yake Nick, mtu wa Nakuru, kule Sanaiya, mtaa wa viwanda na magereji, na vipuri vikaagizwa kutoka Marekani, vikaja kwa ndege, vimefungwa vizuri kuliko sisi tulivyokuja. Pistoni na kazi ya kuchonga silinda zilikuwa ukuta wa mbele na wa nyuma. Kabureta ilikuwa madirisha. Giaboksi ya kwanza ilikuwa mabati yote ya paa pamoja na misumari yake, nayo ilivunjika meno wiki ile ile iliyofungwa. Giaboksi ya pili ilikuwa choo na bafu. Matairi ya mbio, ambayo huyeyuka kama sabuni na kutupwa, yalikuwa saruji ya sakafu, na yalinunuliwa zaidi ya mara moja. Mchovya asali hachovyi mara moja.

Laban mwenyewe alieleza vizuri kwa nini magari hayo hayatulii, tena alieleza kwa furaha, mkono ukichora hewani. Ukiiongezea injini nguvu, giaboksi inashindwa kuibeba. Ukifunga giaboksi ngumu, ekseli ya nyuma inakatika. Ukiimarisha ekseli, sasa injini ndiyo inaonekana dhaifu, unarudi ulikoanzia. Na hapo bado hujazungumzia joto la hapa, ambalo kuanzia Mei lilichemsha petroli ndani ya kabureta, gari likafa kwenye taa nyekundu na honi za watu nyuma. Kila alipotengeneza kitu kimoja aliniambia, "Dada, sasa limebaki jambo moja tu." Kila mara lilibaki jambo moja tu.

Ushirika huu ulijifunza kulisukuma gari hilo kabla haujajifunza nyimbo zetu zote. Baada ya ibada ya Ijumaa, ambayo hapa ndiyo Jumapili yetu, wanaume walivua makoti, wawili kila upande na wengine nyuma, na Mussa, jirani yake wa Al Mansoura, Mwislamu wa Tanga ambaye leo ameketi pale mbele, alikuwa akitoka msikitini na kuja moja kwa moja kushika nafasi yake. Alikuwa akimwambia, "Kaka, hili gari lako bwana! Petroli unalinunulia ya nini, na sisi tupo?" Laban alicheka, akashika usukani, akasukumwa. Mimi nilikuwa nikitazama pembeni nikijifanya natafuta kitu mkobani.

Daisy alikuwa hajui. Aliambiwa kwamba gari ni la mwajiri, Laban ni fundi wake tu, na kwamba pesa za nyumba ziko kwenye sako, chama cha akiba, zinakua. Nilimwambia ndugu yangu amweleze mkewe, akaniahidi, mwezi ukaisha, akaniahidi tena. Februari 2019 Daisy alikuja Doha kwa ziara, mara yake ya kwanza kupanda ndege, na Ijumaa ya tarehe 15 alasiri Laban alitupeleka sote kwenye uwanja wa mbio za moja kwa moja. Magari mawili husimama sambamba, taa ya kijani ikiwaka yanatoka, na mambo yanaisha kabla hujameza mate. Daisy alivaa gauni lake la harusi za watu, la kitenge cha bluu, akaketi kati yangu na Shaun, kijana wetu wa kompyuta. Ndipo kipaza sauti kikatangaza, kwa Kiarabu na kwa Kiingereza, gari na mwaka wake, kisha mmiliki: Laban Kisia, Kenya.

Watu wetu wakashangilia. Daisy hakushangilia. Alinigeukia akaniuliza, "Wifi, wamesema mmiliki ni nani?" Nikauinamia mkoba wangu nikijifanya natafuta kitu, na hilo likamjibu. Hakupiga kelele wala hakulia. Alitazama mbele tu, na mikono yake ikaanza kukunja pindo la gauni na kulikunjua. Nimeona watu wakipewa habari mbaya kila siku kazini, lakini siku ile nilitamani uwanja wote upasuke nitumbukie.

Taa ikawaka. Gari la marehemu lilinguruma, likanyanyua pua, likaenda kama robo ya njia, kisha kitu kikapasuka chini yake na mafuta yakamwagika barabarani. Likasimama katikati. Mwenzake alikuwa amekwisha kumaliza. Nick akaruka uzio akipiga kelele, "Wasee, kujeni tusukume, hii kitu haiwezi kaa hapo kati!" na wanaume wetu wakateremka, Mussa akiwamo. Nilipogeuka, kiti cha Daisy kilikuwa kitupu. Alikuwa anashuka ngazi na viatu vyake vya kisigino, hakuna askari aliyethubutu kumzuia. Akafika pale, akaweka mkoba wake juu ya paa la gari, akasimama nyuma katikati ya wanaume, akasukuma. Walilisukuma mpaka likavuka mstari wa mwisho, na hiyo ndiyo mara pekee katika maisha yake gari lile lilipovuka mstari ule. Laban alikuwa ndani ameshika usukani, ameinamisha kichwa. Daisy akachukua mkoba wake, akamwambia kupitia dirishani, "Baba Bradley, leo nimeisukuma nyumba yangu kwa mikono yangu mpaka mwisho. Sasa twende." Waliokuwa karibu waliyasikia. Hakuna aliyecheka.

Hakumwacha. Nalisema kwa heshima yake, kwa sababu wengi tungemwacha. Alimwambia alitengeneze, aliuze, ajenge. Laban akakubali, na tangu siku hiyo hakushindana tena, lakini hapo ndipo tabu ilipokomaa. Gari bovu halina mnunuzi, kwa hiyo ilibidi atumie pesa ili liuzike. Wanunuzi walikuja. Waliinama, wakasifu rangi, wakasifu viti, kisha wakasema, "Washa." Halikuwaka. Jioni wakishaondoka linawaka. Akija mwingine linakohoa, linatema moshi, linanyamaza. Alibadilisha pampu, nyaya, kabureta nyingine tena, yaani madirisha mara ya pili, na kila mnunuzi aliondoka akimpa pole. Miaka ikaenda hivyo. Bradley akaingia sekondari akitokea nyumba ya bibi yake, na msingi ukaota majani, mbuzi wa jirani wakawa wanakula sebuleni kwetu.

Mficha maradhi kifo humwumbua. Agosti 2025 alianza kukonda na kukataa chakula, akasingizia joto. Septemba nilikwenda kwake Al Mansoura bila kumwambia, nikamkuta macho yamekuwa ya manjano kabisa, nikamshika mkono kama mtoto nikampeleka hospitali. Ilikuwa saratani ya ini, na ilikuwa imekwenda mbali. Daktari alituambia bila kuzungusha kwamba kama anataka kuwaona watu wake, aende nyumbani sasa, wakati bado anaweza kuketi kwenye ndege. Tiketi ilipatikana. Laban akakataa.

Nilimbembeleza, nikamgombeza, nikaleta mchungaji. Mwishoni aliniambia, uso ameuelekeza ukutani, "Nitalala wapi, Milka? Miaka kumi na saba niko Qatar, nirudi nikalale kwa mama, watu waje kunijulia hali wapite kwenye ule msingi?" Daisy alimwita kwenye simu, "Baba Bradley, njoo hata ulale chini, mimi nitakutandikia." Akamjibu kwamba dawa za hapa ni nzuri zaidi. Hazikuwa nzuri zaidi. Alikuwa anaona aibu, na aibu hiyo ndiyo iliyomnyima mkewe na wanawe miezi yake ya mwisho. Hilo ndilo linaloniuma kuliko gari na vipuri vyake vyote. Siku moja alinishika kidole akasema, "Dada, kuna nati niliibakisha," akatabasamu, na wote wawili tulijua hazungumzii baiskeli. Alifariki Jumatatu asubuhi, tarehe 12 Januari 2026, akiwa na umri wa miaka arobaini na sita. Nilikuwa naye.

Baba mdogo aliposikia hakuuliza alikufaje. Aliuliza, "Sasa atatokea mlango gani?" Nikamwuliza Nick kama kuna chochote kwenye lile gari kinachoweza kuuzwa upesi. Jumatano akaja bwana mmoja gereji, anatafuta injini tu. Nick alimweleza ukweli kwamba haiwaki, akageuza ufunguo ili tu kumwonyesha kwamba starta inazunguka. Iliwaka. Iliwaka mara ya kwanza, ikanguruma sawasawa, bila moshi, bila kikohozi. Shaun alinipigia nikiwa kazini, anapiga kelele, "Aunty, imeshika first time! Skia!" akaweka simu karibu nayo. Niliisikia. Nilimwambia aizime. Nilisimama kwenye korido ya wodi nikalia kwa hasira, Mungu anisamehe, nikilitukana dude lile la chuma lililomdhalilisha mwenyewe mbele ya kila mnunuzi, kisha likatii siku ya pili baada ya kifo chake.

Bwana yule alilipa papo hapo, na pesa zikafika Mudete siku ile ile. Lililokula nyumba likatapika chumba kimoja. Mafundi wamejenga kwa mabati, juu ya pembe moja ya ule msingi wa 2012, mahali palipokusudiwa kuwa chumba cha watoto. Nimeona picha. Msingi ni mpana, na kibanda kimekaa pembeni kama mgeni asiyejua aketi wapi. Nimeitazama nikaona aibu, nikaitazama tena.

Marehemu ameacha mama yake, Berita Kadenyi. Mke wake, Daisy. Watoto wake, Bradley na Berita. Na dada zake wawili, Jerusa na mimi. Amemwachia Nick gari lisilo na injini, na atakayelitaka alichukue, ila aje na watu wa kulisukuma. Amewaacha ninyi, ambao hamkumcheka alipostahili kuchekwa, na ambao baada ya sala mtalibeba jeneza lake mpaka kwenye gari la kumpeleka uwanja wa ndege. Wawili wawili kila upande. Mnajua nafasi zenu.

Asubuhi ya leo kabla sijaja hapa Daisy alinipigia. Nilisikia nyundo nyuma yake, ikapiga, ikanyamaza. Akasema, "Wifi, wamemaliza kufunga mlango. Nimefagia, nimetandika. Wewe uko karibu naye, mwambie."

Basi ndugu yangu Laban, uliniuliza nami sikuwa na jibu. Nimetumwa na mkeo. Una pa kulala. Nenda, ulale kwa amani.